Kadi ya Mtoto Asiye na Jina

Kilo tatu na robo. Nzilani aliisoma namba hiyo kwenye kompyuta mara ya kwanza, akaisoma mara ya pili, kisha akaondoa mkono wake kwenye kibodi kana kwamba imepata moto.

Yeye mwenyewe ndiye aliyempima mtoto wa Munyiva siku ya Jumanne. Sista alikuwa bado anamhudumia mama, kwa hiyo Nzilani alimpokea mtoto akiwa amefungwa kitambaa, akamlaza kwenye mizani, na sindano ya mizani ikasimama kwenye kilo mbili na nusu. Hakuwa na shaka hata kidogo, kwa sababu Munyiva aliinua kichwa kutoka kitandani akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kama kilo mbili na nusu ni uzito wa mtu au wa jogoo. Wote wawili walicheka. Sasa ilikuwa Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi, na kadi ilisema mtoto yule yule ana kilo tatu na robo. Hakuna mtoto anayenenepa hivyo kwa siku tatu.

Ilikuwa zahanati ndogo ya uzazi yenye vitanda vinane, pembeni mwa mji wa Machakos, kwenye barabara inayoteremka kwenda Kyumbi. Nzilani aliingia pale mwaka 2004 kama mfagiaji. Sista Mueni, muuguzi mkuu, aliuona mwandiko wake siku moja kwenye karatasi ya kuagiza sabuni, akaupenda, akamwuliza amesoma mpaka wapi. Nzilani alijibu kwamba amemaliza darasa la nane. Ukweli ni kwamba aliacha akiwa la sita. Tangu siku hiyo alipewa kazi ya kuandika kadi, na tangu siku hiyo alijifunza kukaa kimya, ili asije akaongea neno ambalo lingemfanya mtu aanze kumwuliza maswali.

Na kadi zenyewe zilikuwa ndani ya kompyuta tangu mwezi wa sita mwaka huu wa 2006. Aliyetengeneza mtambo wa kadi ni Ismael, mtoto wa mzee Abdulatif mwenye duka la vitambaa mjini. Ismael alisomea Nairobi mambo ya kuandika programu, na kila Ijumaa alikuja kuikagua kazi yake kabla ya kwenda kuswali. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na kwa kuwa Nzilani hakumkatiza kamwe, alimweleza kila kitu.

Alimweleza kwamba wengine wangeandika njia moja ya kuunda kadi ya mama, njia nyingine ya kuunda kadi ya mtoto, na nyingine ya kuunda kadi ya dawa. Yeye aliandika njia moja tu kwa zote. Unaiambia aina unayotaka, nayo inakupa kitu kipya cha aina hiyo. Ila njia hiyo yenyewe haijui inaunda nini. Haijui kwamba mama ana damu au kwamba dawa ina tarehe ya kuharibika. Kwa hiyo kila aina inayoingia humo inadaiwa sharti moja.

"Iweze kuzaliwa mikono mitupu," alisema Ismael siku ile, akifurahia maneno yake mwenyewe. "Bila uzito, bila jina, bila chochote. Vingine utajaza baadaye."

Nzilani alielewa. Kwao, ndugu zake walifyatua matofali. Aliona wanavyoshika kalibu moja, kile kisanduku cha mbao kisicho na kitako, wakajaza udongo, wakakiinua, tofali likabaki chini na kalibu ikaenda kufyatua jingine. Ismael naye alikuwa ameandaa kwa kila aina kadi moja tupu ya mfano, na kutoka kwenye mfano huo kadi nyingine zilitolewa.

Sasa aliitazama ile kilo tatu na robo, na macho yake yakateremka mpaka mstari wa damu. Mstari wa damu ulisema: hasi.

Hapo ndipo alipoacha kuufikiria uzito.

Kwa sababu damu ya Munyiva mwenyewe ilikuwa hasi. Sista Mueni alilieleza jambo hilo mbele ya wote siku Munyiva alipokuja kliniki mara ya kwanza. Mama mwenye damu hasi akizaa mtoto mwenye damu hasi, hakuna tatizo. Lakini mtoto akiwa na damu chanya, mwili wa mama hujifunza kuipiga vita damu ya namna hiyo, na mtoto anayefuata ndiye anayeumia tumboni. Kuna sindano ya kuzuia hilo. Inadungwa mara moja tu, kabla ya siku tatu kwisha tangu kujifungua. Munyiva alikuwa ameshapoteza mimba moja kabla ya hii, na alisikiliza maelezo yale bila kupepesa macho.

Mtoto alizaliwa Jumanne saa nane mchana. Siku tatu zilikuwa zinakwisha leo, saa nane mchana. Na jana Sista Mueni alisoma kwenye kompyuta kwamba mtoto ana damu hasi, akamwambia Munyiva ashukuru Mungu, sindano haihitajiki. Sindano yenyewe ilikuwa moja tu kwenye friji, na tayari ilikuwa imeahidiwa mama wa Mitaboni anayekuja kesho.

Kama uzito si wa mtoto huyu, je, damu ni yake?

Nje kulisikika mlango wa gari. Nzilani alichungulia dirishani. Onesmus, mume wa Munyiva, alikuwa akitandika godoro nyuma ya pikapu ya kuazima. Mama yake, Kalekye, mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa cheusi kichwani, alisimama kando akiwa amembeba mtoto, akimharakisha kila mtu. Kwao ni ndani kabisa kupita Konza, kwenye mbuga za ranchi, mahali ambapo simu haishiki na barabara ni alama za magurudumu tu kwenye nyasi. Leo ilikuwa siku ya tatu, siku ya kumpa mtoto jina. Kalekye alikuwa ameshasema mara kadhaa kwamba mbuzi amefungwa tangu alfajiri, na kwamba ni lazima wasimame Kyumbi kumchukua dada yake, maana mtoto hatapewa jina dada yake asipokuwepo.

Nzilani alitoka na barua ya ruhusa mkononi. Sista Mueni aliipokea, akaitia sahihi bila kuisoma, akampa Onesmus. Munyiva alikuwa ameshaketi kwenye godoro. Alimtazama Nzilani, akatabasamu.

"Jogoo wako anaenda," akasema.

Nzilani alifungua kinywa. Alikuwa ameyapanga maneno tangu dirishani: Sista, kadi ina kasoro. Maneno manne tu. Lakini Kalekye alikuwa akizungumza, Onesmus alikuwa akicheka, na Sista Mueni alikuwa akitazama saa yake. Na nyuma ya maneno yale manne Nzilani aliliona swali litakalofuata. Wewe umejuaje? Nani alijaza hiyo kadi? Kwani ulisoma mpaka wapi? Ulimi ukawa mzito kama jiwe. Akampungia Munyiva mkono, na pikapu ikaondoka ikiteremka taratibu kwa ajili ya mama mzazi.

Vumbi lilipotulia alikuwa bado amesimama pale pale.

Alirudi kwenye kompyuta. Mtoto mwingine wa kiume aliyezaliwa Jumanne ile ile alikuwa wa Faiza, mke wa fundi wa redio mjini, ambaye aliruhusiwa jana. Mtoto wa Faiza naye alipimwa damu kwa sababu macho yake yalikuwa na rangi ya manjano kidogo. Nzilani akafungua kadi ya Faiza, akabonyeza mstari wa mtoto. Kilo tatu na robo. Damu hasi.

Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akafuta uzito wa mtoto wa Faiza, akaandika kilo tisa. Kisha akafunga, akafungua kadi ya Munyiva, akabonyeza mstari wa mtoto.

Kilo tisa.

Hazikuwa kadi mbili. Ilikuwa kadi moja yenye milango miwili.

Na aliijua sababu, kwa maana alizijaza yeye. Kwenye nafasi ya jina aliacha tupu kwa wote wawili. Kwao Munyiva mtoto hatajwi jina kabla ya siku ya tatu, na kwao Faiza jina hungoja siku ya saba. Mtoto asiye na jina angemwandikaje jina? Watoto wengine wote tangu mwezi wa sita walikuwa wa mama waliokuja na jina tayari, Kevin au Mercy, hata kabla kitovu hakijafungwa. Hii ilikuwa mara ya kwanza wawili wasio na jina kuwa ndani ya mtambo kwa pamoja.

Sista Mueni alikuwa chumba cha dawa. Nzilani alisimama mlangoni. Mara hii hakupanga maneno, kwa maana alijua kwamba akiyapanga yatamkwama.

"Sista, mtoto wa Munyiva na wa Faiza wako na kadi moja. Ile damu hatujui ni ya nani."

Sista Mueni aligeuka polepole. Alikuwa mwanamke mpole, lakini mtambo ule ulikuwa fahari yake. Ni yeye aliyeuomba, na ni yeye aliyemkataza Wambua wa maabara kuendelea na daftari lake la zamani, ili kazi isifanywe mara mbili. Alimwambia Nzilani kwamba labda alibonyeza vibaya. Nzilani alitikisa kichwa. Akaambiwa Ismael yuko pale nje anaegesha gari, aitwe.

Ismael aliingia na kanzu yake ya Ijumaa, akacheka kidogo. Alisema mtambo umejaribiwa kwa kadi mia mbili kabla ya kuletwa, na kadi mia mbili zilitoka mia mbili, si mia moja tisini na tisa. Nzilani alikaa, akafuta ile kilo tisa upande wa Munyiva, akaandika kilo moja. Kisha akafungua upande wa Faiza, akasogeza kiti ili Ismael aone.

Ismael aliinama. Kicheko kilimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye karai lililotoboka. Akauliza jina waliandika nini. Nzilani akamwambia hawakuandika.

Ismael akaeleza, akitazama sakafu. Kadi ya mfano hutolewa nakala pale jina linapoandikwa. Jina ndilo linaloikata nakala na kuiweka mahali pake. Bila jina, hakuna nakala. Kila ulichoandika kimeandikwa juu ya mfano wenyewe.

"Hatukufyatua tofali," Nzilani akasema taratibu. "Tumeandika juu ya kalibu."

"Juu ya kalibu," Ismael akakubali. "Na nilipojaribu, kadi zote mia mbili nilizipa majina. Mimi, ambaye nyumbani kwetu nilikaa siku saba naitwa mtoto tu."

Sista Mueni hakungoja zaidi. Alimwita Wambua, akamwuliza kama anakumbuka damu za watoto wale. Wambua alikuwa mtu mzito wa mwili na mwepesi wa maudhi, na alianza kwa kukumbusha kwamba daftari lake lilikatazwa na mtu fulani. Sista akamtazama tu. Wambua akashusha sauti. Alizipima zote Jumatano asubuhi, damu ya kitovu, moja baada ya nyingine. Anakumbuka moja iliganda ilipotiwa dawa, nyingine haikuganda. Ipi ni ya nani, hapana. Vichupa vilishaoshwa.

Moja chanya, moja hasi. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

Sista Mueni alipiga simu ya Onesmus. Haikupatikana. Akapiga tena. Alisema hawezi kumdunga mtu aliye njiani, wala hawezi kuitoa sindano iliyoahidiwa mama mwingine kwa kukisia, na kuna mama chumba cha pili ambaye atajifungua wakati wowote, kwa hiyo yeye hawezi kutoka. Wakishapita Konza, nani atajua nyumba?

"Watasimama Kyumbi," Nzilani akasema. "Wanamchukua dada ya Mama Kalekye. Bila yeye mtoto hapewi jina."

Wote watatu walimgeukia. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile kwa mkupuo mmoja.

Wambua alikuwa na pikipiki ya kubebea sampuli. Alitia kwenye mfuko chupa ndogo ya dawa ya kupimia, kigae cheupe, pamba na vichomeo vya kidole. Nzilani alipanda nyuma, akashika mfuko kwa mikono miwili kifuani, na kwa kuwa hakubaki na mkono wa kujishikia, aliegemeza paji la uso kwenye mgongo wa Wambua na kufumba macho. Barabara iliteremka, upepo ukampiga magotini, na kila walipopunguza mwendo kwa ajili ya ng'ombe au lori alihesabu moyoni. Alihesabu pia dakika zile alizosimama uani kinywa wazi bila kusema. Pengine zilikuwa mbili. Zilikuwa nyingi kuliko zote.

Kyumbi ni mahali pa magari kupita. Wachuuzi wa machungwa na mahindi ya kuchoma walikuwa wamepanga vitu vyao kando ya lami, na pikapu zilikuwa nyingi, nyingi nyeupe, zote zikifanana. Walizunguka mara moja bila kuona kitu. Wambua akasema wameshaondoka. Nzilani akashuka, akaanza kuuliza kwa wanawake wa machungwa, yeye ambaye hata nauli hushindwa kuidai ikibaki. Mmoja akamwelekeza nyuma ya kinu cha unga.

Pikapu ilikuwa pale, injini ikinguruma. Dada yake Kalekye, bibi mfupi mwenye fimbo, alikuwa anasaidiwa kupanda.

Onesmus alidhani wamesahau kitu. Wambua alianza kueleza kwa maneno ya maabara, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Kalekye ulivyozidi kufunga. Aliposikia kwamba mtoto atachomwa kisigino, akamfunika kwa leso na kumgeuzia mgongo.

Alisema siku ya kuzaliwa damu ilitolewa kwenye kitovu, na kitovu kilishakatwa, hakikuwa mtoto. Sasa wanataka damu ya mtoto mwenyewe, kabla hajapewa jina? Mtoto ambaye bado ni mgeni, ambaye bado anaweza kugeuka akarudi alikotoka? Hapana. Waende nyumbani, apewe jina, kesho wachome wapendavyo.

"Kesho ni kuchelewa, mwaitu," Nzilani akasema kwa Kikamba, akimwita mama yetu.

Kalekye alimtazama kuanzia miguuni. Akamwuliza yeye ni nani, kwa maana hajavaa nguo za daktari.

Nzilani akasogea mbele yake. Watu wa kinuni walikuwa wamesimama kutazama.

"Mimi ndiye ninayeandika kadi. Kosa ni langu. Nilimwona huyu mtoto siku ile, nilimpima, alikuwa kilo mbili na nusu. Leo nikaona kadi inasema vingine, na mlikuwa bado uani. Nilinyamaza. Niliogopa kuulizwa nimesoma mpaka wapi. Nimesoma mpaka la sita. Mkiondoka sasa, na kama damu ya mtoto ni chanya, ni Munyiva atakayelipa, na yule mtoto atakayefuata."

Nyuma ya pikapu, Munyiva alikuwa amejiinua kwenye godoro. Aliweka kiganja juu ya tumbo lake, mahali pasipokuwa na kitu tena, akakiacha pale.

Kalekye aliuona mkono ule. Wambua akaanza kuitazama saa yake waziwazi, bila adabu. Ilikuwa saa sita na dakika kumi. Kisha mama yule akamgeukia dada yake, wakazungumza kwa sauti ya chini, vichwa vikiwa karibu. Yule mwenye fimbo alisema jambo lililomfanya Kalekye aguse pua yake kwa ncha ya leso.

"Zima gari," Kalekye akamwambia mwanawe. "Atapewa jina hapa."

Onesmus aliuliza, hapa kinuni? Na mbuzi? Mama yake akamjibu kwamba mbuzi hakimbii, na kama Onesmus angejua kuzaa, naye angepewa nafasi ya kuuliza.

Waliingia nyuma ya kinu, kwenye uwanja mdogo wa dada yake uliokuwa na kuku wawili na jiko la mkaa. Wanaume walibaki nje. Nzilani alitaka kubaki nje pia, lakini yule bibi mwenye fimbo alimsukuma ndani. Ilitakiwa wanawake wawe wengi, na hapo hapakuwa na wa kuchagua. Jirani aliyekuwa anafua aliitwa, akaja na mapovu mikononi. Kalekye alipokea maji kwenye kikombe, akamlowesha mtoto midomo. Alimwinua kuelekea mlangoni penye mwanga. Wambua alikohoa huko nje, mara mbili, na hakuna aliyemjali. Nzilani alisikia unga ukisagwa upande wa pili wa ukuta, na alitamani mambo yaende haraka, na papo hapo akaona haya kwa kutamani hivyo.

Kalekye akamwita mtoto Ndambuki. Lilikuwa jina la mume wake, aliyefariki zamani. Alilitamka kama mtu anayelifungua sanduku lililokaa muda mrefu. Wanawake wengine wakalirudia, Nzilani pamoja nao. Kisha Wambua akaitwa ndani.

"Haya," Kalekye akasema, akitoa kisigino cha mtoto nje ya leso. "Sasa ni mtu. Mchome."

Mtoto alilia kwa nguvu kuliko kilo zake. Wambua alitoa matone mawili kwenye kigae cheupe, akaongeza dawa, akakiinamisha huku na huku juani. Damu ilizunguka ikiwa laini, nyekundu, sawa kama rangi ya kucha. Ikazunguka tena. Kisha pembeni kabisa ikaanza kuvunjika, ikawa chembe chembe, kama unga uliorushiwa maji vibaya, mpaka tone zima likawa mchanga.

"Chanya," Wambua akasema. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikuwa na maudhi.

Walirudi kwa pikapu, Onesmus akipiga honi kila kona, na yule bibi wa fimbo akimwambia apunguze na papo hapo akimwambia aongeze. Lori moja liliwazuia kwenye mwinuko kwa muda ulioonekana kama mwaka. Munyiva alikuwa amemshika Nzilani kifundo cha mkono tangu Kyumbi, na hakumwachia. Sista Mueni alikuwa mlangoni, gauni lake likiwa na madoa, kwa maana yule mama wa chumba cha pili alikuwa ameshajifungua. Sindano ilikuwa tayari kwenye trei. Alimdunga Munyiva saa nane kasoro dakika kumi na mbili, na hapo hapo akaenda kwenye simu kuagiza nyingine kutoka Nairobi kwa ajili ya mama wa Mitaboni.

Nzilani alikaa kwenye benchi la nje. Alijua Wambua atasema aliyoyasikia Kyumbi kuhusu darasa la sita, na kweli alimwona akisema, dirishani, na Sista Mueni akisikiliza. Baadaye Sista alitoka, akasimama mbele yake, akampa daftari na kalamu. Akamwambia aandike yote yaliyotokea, kuanzia asubuhi, bila kuruka kitu, kwa sababu yataulizwa.

"Hata pale niliponyamaza?"

"Hasa hapo."

Ismael hakwenda msikitini siku ile mapema. Alienda amechelewa, akarudi na kanzu imekunjamana, akakaa mbele ya kompyuta mpaka alasiri. Nzilani alipomaliza kuandika alikwenda kumtazama. Ismael alimwambia kwamba kosa halikuwa kuwa na njia moja kwa aina zote. Kosa ni kuitegemea njia hiyo ifyatue wakati haijui hata inafyatua nini.

"Kwa nini kila aina isije na mkunga wake?" Nzilani akauliza. "Mwenye kujua namna ya kumtoa mtoto wa aina hiyo, awe na jina au asiwe nalo."

Ismael alimtazama, kisha akageuza uso wa kompyuta upande wake. Ndivyo alivyokuwa ameandika. Mtu anayeiita njia ile anaipa aina, na pamoja na aina anaipa mkunga. Njia haihitaji kujua zaidi. Kila ikiitwa, inamwita mkunga, na mkunga anatoa kitu kipya, si kile cha jana.

Alimpisha kiti. Nzilani akafungua kadi mpya kwa Munyiva, akaandika Ndambuki, kilo mbili na nusu, damu chanya. Kisha akafungua nyingine kwa Faiza. Nafasi ya jina aliiacha tupu, kwa maana siku nne zilikuwa zimebaki. Akaandika kilo tatu na robo, damu hasi. Akarudi kwa Ndambuki kutazama. Kilo mbili na nusu. Akaenda kwa mtoto wa Faiza, akarudi tena. Kilo mbili na nusu.

Ismael alikuwa anamngojea aseme kwamba sasa iko sawa.

Nzilani aliondoka akaenda maabara, akamwomba Wambua daftari lake la zamani. Wambua alilitoa chini ya meza, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati. Nzilani akalifungua ukurasa uliofuata, akapiga mstari wa tarehe, akaandika watoto wote wawili humo pia, kwa kalamu, kila mmoja kwenye mstari wake.